Je, Mashine Yaweza Kumfunza Mtu Kuona?

Tumeletewa suala na baadhi ya vijana wetu walioko Nairobi, nasi tumelizungumza katika darsa zetu zaidi ya mara moja kabla ya kulitia katika karatasi hii. Vijana hao wanakaa Kibera na Kawangware. Mchana wanahangaikia riziki, na usiku wanajifunza kuchora: nyuso za watu, vyombo vya nyumbani, vichochoro vya mitaa yao, kila kitu kama kilivyo, si kama mtu apendavyo kiwe. Ada ya chuo hawana. Basi mchoro ukisha huupiga picha kwa simu, wakaupeleka kwa msaidizi wa akili mnemba, yaani ile mashine ya kompyuta ijibuyo maswali kwa lugha ya watu, wakaiuliza: Kosa liko wapi? Nayo huwajibu. Sasa wanatuuliza sisi: Je, elimu ipatikanayo kwa njia hii ni elimu? Na aliyejifunza hivi ana haki ya kuitwa fundi na kuchukua ujira wa fundi?

Huenda msomaji wetu wa Mombasa, Lamu au Malindi akasema: Haya ya Nairobi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Wana wetu wako huko, na miongoni mwa wakazi wa mwanzo wa Kibera ni ndugu zetu Wanubi, Waislamu ambao wazee wao walikuwa askari wa KAR. Tena suala la penseli leo ndilo suala la hesabu, la dawa na la dini kesho. Mashine hii imekwisha kuingia majumbani mwetu, ndani ya simu za watoto wetu. Tukijua adabu ya kuitumia katika jambo dogo, tutaijua katika jambo kubwa.

Kwanza tuondoe njiani jambo ambalo wengi watalitanguliza, nalo ni hukumu ya kuchora viumbe wenye roho. Wanavyuoni wamehitalifiana katika hilo tangu zamani. Wako walioikataza kila sura ya kiumbe, na wako waliotenganisha sanamu ya kuabudiwa na picha ya manufaa. Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, baada ya safari yake ya Sicily mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika katika Al-Manar kuzitetea picha zinazohifadhi elimu, maadamu hapana hofu ya kuabudiwa. Hatukukusudia kuimaliza khitilafu hiyo hapa. Mwenye shaka na amuulize mwanachuoni amwaminiye. Na akiona vyema kujiepusha na viumbe, miti, majumba na vyombo vyatosha kumfunza umri mzima. Sisi suala letu ni jingine: ni suala la uaminifu katika kujifunza.

Ili tulijibu, hatuna budi kujua kwanza kazi hii ni kazi gani. Watu wengi hudhani kuwa kuchora ni wepesi wa mkono. Mafundi wasema sivyo. Shida haiko mkononi, iko machoni, na nyuma ya macho, akilini. Mpe mtu asiyejifunza achore uso wa nduguye aliyeketi mbele yake: atayaweka macho juu, karibu na paji la uso, ilhali mahali pake ni yapata katikati ya kichwa. Nduguye yuko mbele yake, lakini hamtazami; anachora uso alio nao akilini tangu utotoni. Mpe yai juu ya meza karibu na dirisha: atalizungushia mstari, kisha alitie weusi upande mmoja. Hataona kuwa mwangaza huingia kivulini polepole, wala kuwa chini ya yai, ndani ya kivuli chenyewe, mna mwangaza hafifu uliorudi kutoka mezani. Na akisha kuonyeshwa mwangaza huo, ataufanya mweupe kupita kiasi, kwa furaha ya kuugundua.

Mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, aliyaeleza haya katika Kitab al-Manazir. Aliwapinga waliosema kuwa jicho hutoa miale ikaenda kukigusa kitu. Akabainisha kuwa nuru hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni. Wala hakukoma hapo. Alieleza kuwa mengi tunayodhani tumeyaona kwa jicho tu, kwa hakika tumeyahukumu kwa akili, upesi sana hata hatukujua kuwa tumehukumu. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, na Lorenzo Ghiberti, fundi mkubwa wa Florence katika karne ya 15, alichota mengi humo alipoandika juu ya kuona. Basi kujifunza kuchora kitu kama kilivyo ni kujifunza kuizuia hukumu ya haraka mpaka jicho limalize ushahidi wake. Ndiyo maana mwanafunzi huambiwa aunyoshe mkono, afumbe jicho moja, apime kwa penseli urefu wa kitu dhidi ya upana wake, kisha ndipo aandike mstari. Anajiwekea mzani, kwa kuwa hawezi kuiamini dhana yake.

Tukisha kulijua hilo, twaweza kuitazama mashine kwa insafu. Manufaa yake ni ya kweli. Kijana wa Kawangware arudiye nyumbani saa tatu usiku hana mwalimu wa kumbishia hodi saa hizo. Mashine yaweza kumjibu hata usiku wa manane, kwa Kiswahili akitaka. Itamweleza kwa nini kivuli kiangukacho huwa kikali karibu na kitu na kufifia kadiri kiendavyo mbali. Itampangia mazoezi ya mwezi mzima: wiki ya mistari, wiki ya mayai na vikombe, wiki ya mikunjo ya kitambaa. Atauliza jambo moja mara kumi, wala haitamkemea wala kumcheka. Na sisi tuliopita vyuoni twajua ni watoto wangapi walioacha kusoma, si kwa upungufu wa akili, bali kwa kuogopa kuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini si kila mwalimu aliyelikumbuka neno hilo na bakora mkononi.

Baadhi ya wazee wetu wamepinga. Wamesema: Elimu haichukuliwi ila kwa mwalimu, anayejifunza peke yake vitabuni makosa yake ni mengi kuliko sawa zake, na mashine ni duni ya kitabu. Twaliheshimu neno hili, na mbele tutaonyesha ukweli ulio ndani yake. Lakini likichukuliwa lote litatufunga mikono. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, hakungoja kila msomaji aje kuketi mbele yake. Alijua kuwa karatasi haina macho wala haiwezi kumsahihisha aisomaye, hata hivyo akaitumia, kwa sababu waliokuwa mbali na mwalimu walikuwa wengi kuliko waliokuwa karibu naye. Chombo hakikataliwi kwa kuwa ni kipya. Hutazamwa kinafanya nini, na kinamfanya nini mwenye kukitumia.

Na hapo ndipo penye khofu zetu, nazo ni tatu.

Khofu ya kwanza ni kuwa mashine hukosea kwa sauti ile ile isemayo kweli. Mwanafunzi akiupiga picha mchoro wake kwa kuiinamisha simu, mistari hupindika ndani ya picha, na mashine yaweza kuulaumu mkono kwa kosa la simu. Pengine husema jicho la kushoto liko juu kuliko la kulia. Ukipima kwa rula waona yako sawasawa. Tena ina tabia ya kusifu. Mchoro dhaifu huambiwa una nguvu, na mwenye kuuchora akalala amefurahi. Fundi wa kweli humwambia mwanafunzi wake: Futa, anza upya, wala hachelei uso wake ukunjike. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Khofu ya pili ni kuwa mashine hii haisahihishi tu, bali yaweza kuifanya kazi yenyewe. Maneno machache yatosha, nayo ikatoa picha kamili ya uso au ya mtaa, yenye vivuli na mwangaza, kwa muda wa kupepesa macho. Hapa ndipo tunapoiona haramu ya jambo hili, kama ipo. Mwenye kuchora kitu kama kilivyo ni shahidi. Mchoro wake wawaambia watu: Nilikuwako, nikatazama, nikaona hivi. Nasi twajua shahidi ni nani katika dini yetu na mbele ya kadhi: ni yule aliyehudhuria. Atakayesimama akasema, nashuhudia, na kumbe amesimuliwa na mwingine, ushahidi wake haupokelewi, hata kama aliyosimuliwa ni kweli. Na atakayeuza picha iliyotolewa na mashine akasema ni kazi ya jicho lake na mkono wake, huyo ameghushi bidhaa, kama muuza maziwa aliyetia maji.

Khofu ya tatu ni kubwa zaidi, nayo yawagusa watu wa Kibera hasa. Mashine haikuhudhuria popote. Haijaona kitu, imelishwa picha na maandishi ya watu wengine, ikajifunza mambo yaliyozoeleka humo. Na Kibera imepigwa picha na wageni kuliko mitaa mingi ya Afrika, na aghalabu picha zile zile: mabati yenye kutu, mfereji wa maji machafu, mtoto peku. Kwa miaka mingi vitabu na magazeti ya dunia yaliandika kuwa Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu, ilipata watu wapatao 170,000. Tazama jinsi habari isiyotazamwa inavyoweza kuzunguka dunia na kurudi nyumbani imevaa joho la elimu. Basi kijana wa Kibera akiiachia mashine imchoree mtaa wake, yumkini atarudishiwa Kibera ya wageni. Duka la jirani yake, kiti cha kinyozi, mlango wa nyumba ya bibi yake alioupaka rangi ya kijani kwa ajili ya Idi, hayo hayamo katika ghala ya mashine, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyatazama ila yeye.

Wala hili si jambo la mapambo. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kubomoa nyumba na skuli ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakakosa makao. Nyumba hizo hazipo tena. Aliyeichora mojawapo kwa penseli, akahesabu mabati yake na kuuweka mlango mahali pake, ana ushahidi mkononi. Aliyeomba mashine impe picha ya nyumba ya Kibera hana kitu.

Hapa pana jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mashine hizi zilifunzwa kuona na watu, na baadhi ya watu hao ni wa Nairobi. Mwezi wa Novemba 2018 BBC ilieleza kazi ya kampuni ya Samasource, iliyoajiri vijana wa mitaa ya kimaskini ya Nairobi, na miongoni mwao mkazi wa Kibera. Kazi yao ilikuwa kuketi mbele ya kompyuta na kuizungushia mstari kila kitu kilichomo katika picha, mtu, gari, alama ya barabara, hata mbingu, ili mashine ijue kipi ni kipi. Ujira wao ulikuwa yapata dola 9 kwa siku. Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani likaripoti kuwa wafanyakazi wa kampuni hiyo hiyo, ambayo sasa yaitwa Sama, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupambanua maneno machafu mno, ili mashine ya kampuni ya OpenAI ifundishwe kuyaepuka. Basi tukisema mashine ni mwalimu asiye na mwalimu, tumekosea. Ina walimu wengi, na baadhi yao ni jirani zake huyu mwanafunzi. Ila majina yao hayakuandikwa, na ujira wao ulikuwa mdogo.

Na sisi ni umma wa isnadi. Wanavyuoni wetu walipopokea habari waliuliza: Umeipokea kwa nani, naye kwa nani? Habari ambayo ndani ya silsila yake yumo mtu asiyejulikana waliihesabu kuwa dhaifu. Hawakusema kuwa ni uwongo. Walisema haitoshi peke yake kuthibitisha hukumu. Twaona kuwa hii ndiyo daraja ya maneno ya mashine, na hapa ndipo neno la wazee wetu lilipo na haki. Mashine ikisema kivuli hiki ni hafifu mno, hiyo ni habari dhaifu: yatosha kumzindua mwanafunzi akatazame tena, haitoshi kumfanya abadilishe mstari kabla ya kutazama. Hukumu iko kwa yai lenyewe, mezani, chini ya dirisha. Maneno ya mashine yakiafikiana na kitu, ni sawa; yakikhitalifiana nacho, kitu ndicho cha kufuatwa.

Basi jawabu letu kwa vijana walioandika ni hili. Elimu mnayoipata ni elimu, kwa sharti nne.

Ya kwanza: tazameni kabla ya kuuliza. Mwanafunzi na ajitafutie makosa yake mwenyewe kwanza, ayaandike, kisha ndipo aulize. Aulizaye kabla ya kutazama humpa mwingine jicho lake, na jicho lisilotumika hudhoofu kama mkono usiotumika.

Ya pili: ulizeni sababu, msiombe kazi. Iulizeni mashine kwa nini pua imeonekana bapa, wala msiiombe iwachoree pua. Na iwe kwenu kama kadhi anayemhoji shahidi, awezaye kumbana kwa maswali mpaka akumbuke alichokisahau, lakini hasemi badala yake.

Ya tatu: semeni kweli sokoni. Ikiwa picha ni ya mashine, au mashine ilitia mkono, mnunuzi na aambiwe kabla hajatoa fedha. Na aliyefanya kazi kwa jicho lake na mkono wake ana haki kamili ya jina la fundi, hata kama maelezo aliyapata kwa mashine. Kwani fundi hupimwa kwa kazi yake.

Ya nne: msiache kutafuta watu. Mwaka 2001 Otieno Gomba na Otieno Kota walianzisha Kibera kikundi cha Maasai Mbili, na kabla ya hapo kazi yao ilikuwa kuandika mabango ya maduka. Hawakungoja chuo kiwajie. Walikuwa pamoja, na kikundi chao kikawa mahali pa wachoraji wengine kukutana. Mashine haiwezi kuketi kando yako ikaona unavyoishika penseli kwa nguvu mpaka kidole kinakufa ganzi. Haiwezi kukuazima rangi, wala kukutambulisha kwa mwenye duka atakaye bango. Haitauliza umekwenda wapi siku ukikosa kuonekana.

Katika sharti hii ya nne tulikhitalifiana sisi wenyewe, na msomaji ana haki ya kujua. Mmoja wetu alisema: Nyinyi mwasema wasiache kutafuta watu, lakini mashine ikiwa haichoki na bei yake ni bando ya simu, ni nani atakayemwendea fundi wa Kawangware mwenye kuishi kwa ada ndogo za wanafunzi watatu? Fundi huyo akifunga mlango, mwaka wa kumi atatoka wapi mtu wa kuwaambia watoto kuwa mashine imekosea? Hatukupata jawabu la kulimaliza neno hilo. Tulilokubaliana ni kuwa kila aliyenufaika bure ana deni. Aliyeokoa ada ya mwezi kwa kujifunza kwa simu, na atoe sehemu yake: alipie darasa moja kwa fundi, au amnunulie karatasi jirani asiye nazo. Na sisi wa pwani tuliozoea kutoa kwa ajili ya madrasa na misikiti, tusione aya kumsaidia kijana anayejifunza kazi ya mikono ya halali, akiwa Lamu au Kibera.

Tumefunzwa kuwa mwanadamu ataulizwa juu ya masikio yake, macho yake na moyo wake. Hatukuambiwa kuwa ataulizwa juu ya macho ya mwingine. Kijana wa Kibera aliyeketi mbele ya yai, na taa yake ndogo, akipima na kufuta na kupima tena, anaitunza amana hiyo. Simu iliyoko ubavuni mwake ikimsaidia kuitunza, na ailete. Ikimzuia, na aifunike uso chini mpaka amalize kutazama.

Wallahu aalam.